Kupaka, kutia na kugeuza rangi: picha za Bonde la Kilombero ndani ya kivinjari

Katika Kiswahili ukuta hupakwa rangi, nguo hutiwa rangi, na kinyonga hugeuka rangi. Vitenzi hivi vitatu havilingani. Kupaka ni kuweka tabaka juu ya kitu, nacho kitu hubaki chini yake kama kilivyokuwa. Ndiyo maana hupakwa pia mafuta, chokaa na dawa ya kidonda. Kutia ni kuingiza: msusi wa mikeka huchemsha ukindu pamoja na rangi mpaka rangi ikaingia ndani ya ukindu wenyewe, na hapo haifutiki kwa kitambaa. Kugeuza ni kubadili sura bila kuongeza kitu. Anayetaka kueleza kwa Kiswahili kazi ambayo kivinjari hufanya kinapobadili rangi za picha kwenye skrini hulazimika kuchagua mojawapo, na uchaguzi wake humfanya msomaji aelewe au apotoke. Picha iliyopakwa rangi huenda bado ina ukweli wake chini ya rangi. Picha iliyotiwa rangi imekwisha badilika.

Mahali pazuri pa kuitazama kazi hiyo ni Bonde la Kilombero, kwa sababu huko rangi ya picha hubeba jambo zito. Bonde limelala kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki, na Mto Kilombero hulipitia kuelekea Rufiji. Mwaka 2002 uwanda wake wa mafuriko uliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, ukiwa na eneo la hekta 796,735. Humo mna mashamba ya mpunga, miwa, misitu ya kupandwa ya misaji, malisho ya ng'ombe, makambi ya wavuvi, reli ya TAZARA, na mji wa Ifakara wenyewe, ambao Mto Lumemo huupita kando na mara kwa mara kuuingia. Mvua za masika za mwaka 2024 zilileta mafuriko makubwa bondeni na chini zaidi huko Rufiji. Nyakati kama hizo watu hutaka kujua maji yamefika wapi, na jibu mara nyingi huwafikia kama picha yenye madoa ya samawati iliyofunguliwa kwenye simu.

Madoa hayo hayakupigwa na kamera. Yamehesabiwa, kisha yakapakwa.

Picha ni mkeka wa namba

Picha ya kidijitali ni mkeka. Badala ya ukili una vijiraba vidogo vilivyopangwa kwa safu, na kila kijiraba huitwa pikseli. Kila pikseli hushika namba, wala haishiki rangi. Katika picha za kawaida za mtandaoni namba hizo ni nne: kiasi cha nyekundu, kiasi cha kijani, kiasi cha buluu, na kiasi cha uwazi, yaani jinsi pikseli inavyoruhusu kilicho nyuma yake kionekane. Kila namba huanzia 0 na kuishia 255. Nyekundu 255 pamoja na sifuri mbili ni nyekundu kali. Zote tatu zikiwa 255 ni nyeupe. Zote tatu zikiwa 0 ni nyeusi. Kwa namba hizo tatu za kwanza zinapatikana rangi 16,777,216, ambazo hakuna lugha yenye maneno ya kuzitosheleza.

Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ya kwanza ikiwa ilirushwa mwaka 2015, hutoa picha ambazo katika mikanda yake iliyo makini zaidi kila pikseli hubeba mraba wa ardhi wenye upande wa mita 10. Hivyo picha yenye pikseli 1,000 kwa 1,000 hufunika kilomita 10 kwa kilomita 10, ambazo ni hekta 10,000. Ardhioevu yote ya Kilombero ingehitaji picha kama 80 za kadiri hiyo. Picha moja ina pikseli milioni moja, na kwa kuwa kila pikseli ina namba nne, kompyuta hushika kumbukumbuni namba milioni nne. Ni nyingi kwa mtu, lakini kwa simu ya kawaida ya leo ni kazi ya kupepesa jicho.

Setilaiti hizo huona zaidi ya binadamu. Mikanda yake 13 inajumuisha mionzi ya infraredi, iliyo ng'ambo ya nyekundu ambako jicho haliwezi kufika. Jani lenye afya hurudisha mionzi ya infraredi ya karibu kwa nguvu nyingi, kuliko linavyorudisha hata mwanga wa kijani. Maji huimeza karibu yote. Katika mkanda huo, basi, shamba la mpunga uliostawi hung'aa na mto huwa kama wino. Tofauti hii ndiyo siri ya ramani nyingi za mafuriko na za mazao.

Ila mkanda usioonekana hauna rangi. Ili uonekane lazima uazimwe rangi ya mwingine, na desturi iliyozoeleka ni kuuazima nyekundu. Mkanda wa nyekundu huhamia kwenye kijani, na ule wa kijani huhamia kwenye buluu. Picha ya namna hiyo huitwa picha ya rangi bandia. Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko setilaiti: ilitokana na filamu za Kodak za infraredi zilizotumiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kufichua vifaa vya kijeshi vilivyofunikwa kwa vitambaa vya kijani, kwani kitambaa kilichopakwa kijani hakirudishi infraredi kama jani hai. Kwa hiyo mkulima wa Mngeta akionyeshwa picha ya shamba lake katika rangi hizo, mpunga wake mzuri kuliko yote utakuwa mwekundu kama kaa la moto. Mtaalamu huona neema. Mkulima, ambaye kwake nyekundu ni moto, hatari au kusimama, ana haki ya kushtuka. Hakuna kosa kwa yeyote kati yao. Kilichokosekana ni mtu wa kuzigeuza rangi kabla picha haijamfikia, na mtu huyo siku hizi anaweza kuwa kivinjari.

Kazi ndani ya simu ya msomaji

JavaScript ni lugha ya programu iliyobuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape, kwa siku kumi kama inavyosimuliwa daima, na ndiyo lugha ambayo vivinjari vyote huielewa. Kwa miaka mingi haikuweza kuigusa pikseli. Iliweza kubadilisha picha moja kwa nyingine, basi. Mlango ulifunguka mwaka 2004 Apple walipoleta kipengele kiitwacho canvas, ambacho kwa Kiswahili kimekwisha itwa turubai, jina linalofaa kwa kuwa mchoraji naye huchora juu ya turubai. Picha ikishachorwa juu ya turubai, programu inaweza kuomba namba zake zote, kuzibadili, na kuzirudisha.

Faida yake kwa mtu wa Ifakara au Mlimba ni ya kifedha kwanza. Zamani kila badiliko la rangi lilidai picha mpya kutoka kwenye seva, na kila picha ilikula bando. Sasa picha hupakuliwa mara moja tu. Baada ya hapo msomaji anaweza kuigeuza mara mia, hata mtandao ukikatika, kwa sababu hesabu inafanyika ndani ya simu yake.

Kuna njia nyepesi ambayo wengi huanza nayo. Kivinjari kinaweza kuamriwa kwa mstari mmoja wa mtindo kuizungusha rangi ya picha nzima, kuififisha, au kuifanya ya kijivu. Njia hiyo ni ya haraka na kwa nembo au kitufe inatosha. Kwa picha ya bonde haifai, kwa sababu haitofautishi maji na mpunga: ikigeuza, inageuza vyote kwa pamoja, kama mtu aliyevaa miwani ya rangi. Anayetaka maji pekee yawe samawati hana budi kuhoji pikseli moja moja.

Kipimo mashuhuri cha kuhoji kilipendekezwa na S. K. McFeeters mwaka 1996. Huchukuliwa thamani ya mkanda wa kijani, ikatolewa thamani ya infraredi, kisha tofauti hiyo ikagawanywa kwa jumla ya zote mbili. Jibu huwa kati ya kasoro 1 na 1. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, pikseli ya mto ina kijani 60 na infraredi 20: tofauti ni 40, jumla ni 80, jibu ni 0.5. Pikseli ya mpunga uliofunga ina kijani 50 na infraredi 150: jibu ni kasoro 0.5. Maji yako juu ya sifuri, mimea iko chini yake.

Ikiwa picha imeandaliwa ili infraredi ikae katika nafasi ya nyekundu na kijani katika nafasi yake, programu yenyewe ni fupi. JavaScript ina maneno yake machache ya Kiingereza ambayo hayabadiliki, lakini majina ya vitu ni hiari ya mwandishi, na hakuna kinachomzuia kuyaandika kwa Kiswahili:

const asili = kalamu.getImageData(0, 0, upana, kimo).data;

function pakaMaji(kizingiti) {
  const mpya = kalamu.createImageData(upana, kimo);
  mpya.data.set(asili);
  for (let i = 0; i < asili.length; i += 4) {
    const infra = asili[i];
    const kijani = asili[i + 1];
    const kipimo = (kijani - infra) / (kijani + infra);
    if (kipimo > kizingiti) {
      mpya.data[i] = 20;
      mpya.data[i + 1] = 90;
      mpya.data[i + 2] = 200;
    }
  }
  kalamu.putImageData(mpya, 0, 0);
}

Mstari wa kwanza huchukua namba zote za picha na kuziweka chini ya jina asili. Kisha programu hutembea hatua nne nne, kwa kuwa kila pikseli ina namba nne, ikikokotoa kipimo. Kikizidi kizingiti, pikseli hupewa samawati yenye nyekundu 20, kijani 90 na buluu 200. (Msomaji atakayeona paka na maji katika jina la programu asimtafute mnyama, ni kitenzi.) Namba zote zimepangwa kwenye mstari mmoja mrefu, safu baada ya safu, hivyo pikseli ya safu ya 300 na nafasi ya 200, zikihesabiwa kuanzia sifuri katika picha yenye upana wa 1,000, huanzia kwenye namba ya 1,200,800. Anayejua hesabu hiyo anaweza kugusa kidole kwenye ramani na kuisoma pikseli ya kiwanja chake mwenyewe.

Linalostahili kutazamwa kwa makini ni lile neno asili. Mwandishi wa programu mwenye haraka huiacha nakala na kuandika rangi mpya moja kwa moja juu ya namba za zamani. Mara ya kwanza huona picha nzuri. Kisha msomaji husogeza kitufe ili kupandisha kizingiti, akitarajia maji yapungue, na hayapungui. Sababu ni kwamba pikseli zilizopakwa samawati sasa zina 20 mahali pa infraredi na 90 mahali pa kijani: tofauti ni 70, jumla ni 110, jibu ni zaidi kidogo ya 0.63. Kompyuta ikizihoji tena huzikuta ni maji safi kuliko mto wenyewe. Hivyo kila anapocheza na kitufe mafuriko hupanda, na hayashuki kamwe mpaka ukurasa ufunguliwe upya. Hapa ndipo tofauti ya kupaka na kutia inapoacha kuwa ya wanaisimu. Programu iliyoandikwa juu hupaka: asili iko chini, salama. Ile ya haraka hutia.

Mitego mingine ni ya kitaalamu zaidi na inaweza kutajwa kwa kifupi. Picha ya aina ya JPEG hupunguzwa uzito kwa kuchanganya pikseli jirani, na namba zake si zile zilizotoka kwenye setilaiti. Kwa hesabu hutumiwa PNG, ambayo haipotezi kitu. Nafasi ya nne, ile ya uwazi, isitumiwe kuhifadhi mkanda wa ziada, kwa sababu turubai huchanganya uwazi na rangi nyingine kabla ya kuzihifadhi na namba hurudi zimepotoka. Mikanda miwili inayolinganishwa lazima iwe imepunguzwa kutoka vipimo vya setilaiti hadi 0–255 kwa uwiano uleule. Kila mmoja ukivutwa kivyake ili upendeze, kipimo hupoteza maana. Tena, picha ikitoka kwenye tovuti nyingine bila seva ya huko kutoa kibali, kivinjari huionyesha lakini hukataa kusomwa kwa pikseli zake, na husema turubai imechafuka. Neno ni zuri: ni uchafu wa kutokuwa na ruhusa. Bila katazo hilo, tovuti yoyote ingeweza kupekua picha za faragha ambazo msomaji ameingia kuziona kwingine.

Kizingiti ni cha nani?

Swali gumu kuliko yote linakaa katika alama moja ya hesabu, ile ya kuzidi. Kipimo cha mto ni 0.5 na cha mpunga ni kasoro 0.5, na katikati yake ndiko Kilombero kwenyewe kuliko. Shamba la mpunga mchanga lililojaa maji ni maji na ni mimea kwa wakati mmoja. Pikseli yake inaweza kuwa na kijani 60 na infraredi 90, na jibu likawa kasoro 0.2. Udongo mkavu uliolimwa, wenye kijani 80 na infraredi 120, nao hutoa kasoro 0.2 kamili. Namba moja, mambo mawili yaliyo kinyume. Hakuna rangi itakayoyatenganisha, kwa sababu kwenye kipimo hayakutengana. Hapo lazima uongezwe mkanda mwingine, au picha ya tarehe nyingine, au mtu anayelijua shamba.

Kizingiti kikishushwa, mashamba ya mpunga humezwa na samawati na mafuriko huonekana makubwa. Kikipandishwa, maji ya kimo cha goti yaliyofunikwa na majani hutoweka na kijiji huonekana kikavu. Matumizi ya tofauti hiyo ni mengi. Anayetathmini hasara ya mazao huitazama. Anayetafuta mazalia ya mbu huitazama pia, na Ifakara ni mji unaojulikana duniani kwa utafiti wa malaria tangu maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara ilipoanzishwa mwaka 1957. Mbu aina ya Anopheles funestus, msambazaji mkuu wa malaria bondeni humo, hupenda maji yanayodumu, na dimbwi lililofichwa na kizingiti ni dimbwi lisilotembelewa na mtu. Anayebishana juu ya mipaka ya malisho, mashamba na hifadhi huitazama kuliko wote. Pori Tengefu la Kilombero lilikwisha pandishwa hadhi kuwa pori la akiba, na wakulima na wafugaji wamebishana juu ya ardhi ya bonde kwa miaka mingi. Katika mabishano kama hayo eneo lililopakwa kijani cha hifadhi na eneo lililopakwa manjano ya kilimo si mapambo.

Majira nayo hudanganya. Msaji hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Picha ya Septemba iliyoamriwa kupaka kijani kila penye majani inaweza kuliacha shamba zima la misaji na rangi ya ardhi tupu, na asiyejua akadhani msitu umekatwa. Wakati wa masika, ambapo picha inahitajika zaidi, mawingu hufunika bonde siku nyingi. Hapo hutumiwa rada ya setilaiti ya Sentinel-1, inayopenya mawingu. Picha ya rada haina rangi yoyote, ni kijivu tupu cha nguvu ya mwangwi, na rangi zote inazovalishwa baadaye ni hiari ya aliyeivalisha.

Ndiyo maana kitufe cha kusogeza kizingiti ni bora kuliko picha iliyokwisha amuliwa. Msomaji anayeweza kuona maji yakipanda na kushuka chini ya kidole chake anatambua kwamba ukingo wa samawati ni makadirio. Anayepewa ukingo mmoja tu huuamini.

Majina ya rangi na upatanisho wake

Ufunguo wa ramani huandikwa kwa maneno, na maneno ya rangi katika Kiswahili yana tabia yake. Vivumishi halisi vya rangi ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Vingine vyote ni nomino zilizoazimwa kwa vitu: kijani ni cha jani, kijivu ni cha jivu, kahawia ni ya kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, na samawati imetoka kwenye neno la Kiarabu la mbingu. Miongoni mwa rangi tatu za msingi za skrini, basi, moja tu ni kivumishi.

Jambo hili huwakwaza waandishi wa programu zinazounda sentensi zenyewe. Programu iliyotengenezwa kwa lugha isiyo na ngeli huchukua jina la kitu, ikaliunganisha na jina la rangi, ikapata *eneo nyekundu, *mstari nyekundu, *kijiji nyeupe. Yote ni makosa. Kiswahili hudai eneo jekundu na maeneo mekundu, mstari mwekundu na mistari myekundu, kijiji cheupe na vijiji vyeupe. Lakini hudai pia eneo la kijani, mstari wa kijani, kijiji cha kijani, kwa kiunganishi -a kinachofuata ngeli. Programu ingehitaji majedwali mawili ya upatanisho. Njia ya mkato iliyo sahihi ni kuliingiza neno rangi katikati: eneo la rangi nyekundu, eneo la rangi ya kijani. Hapo kivumishi hupatana na rangi siku zote na kitu huhitaji kiunganishi tu. Ni ndefu kidogo, lakini haikosei.

Kivumishi -bichi kinadai tahadhari ya pekee. Kijani kibichi ni rangi, ila -bichi ni kinyume cha -bivu, cha -kavu na cha kilichopikwa. Ufunguo unaosema mpunga mbichi unaweza kusomwa na mmoja kuwa mpunga wa kijani, na mwingine kuwa mpunga usiokomaa, na wa tatu kuwa mpunga ulioloa, jambo ambalo katika picha ya mafuriko ni swali lenyewe. Afadhali kuandika mpunga uliostawi, mpunga ambao haujakomaa, au mpunga uliofunikwa na maji, kulingana na kinachokusudiwa. Vilevile maji peke yake hayatoshi bondeni. Kinamasi, bwawa, dimbwi, mto na shamba lililofurika vyote vina maji, na wakazi huvitofautisha kila siku.

Rangi zenyewe zichaguliwe kwa kufikiria macho. Wanaume wengi kuliko wanawake huzaliwa wasioweza kutenganisha vizuri nyekundu na kijani, na jozi hiyo ndiyo ramani nyingi huitumia kwa hatari na usalama. Mfululizo unaotoka manjano hafifu hadi samawati iliyoiva husomwa na karibu kila mtu, na hubaki ukisomeka kwenye skrini ya simu juani, na hata ukichapishwa kwa wino mweusi, kwa sababu hutofautiana kwa mwanga na giza pamoja na rangi. Katika JavaScript badiliko hilo ni la namba tatu tu.

Limebaki jambo moja ambalo waandishi wa programu hulisahau. Mtu akipendezwa na ramani huipiga picha ya skrini na kuituma kwa jamaa zake. Picha hiyo haina kitufe tena wala ufunguo, na huenda ikasambaa kwa miezi mingi ikidaiwa kuwa ya jana. Turubai ina amri ya kuandika maandishi, fillText, ambayo huyafanya maneno kuwa pikseli ndani ya picha yenyewe. Tarehe ya setilaiti, jina la kipimo na thamani ya kizingiti huingia katika mstari mmoja chini ya picha, kwa mfano: Maji yaliyokadiriwa, kizingiti 0.1, pamoja na tarehe iliyopigwa. Hayo ndiyo maandishi pekee ambayo ni vema yakatiwa badala ya kupakwa.